Maoni ya Bi Nukta Kuhusu Chai ya Mwaka Ule

Katika kiwanda cha uchapaji alikofanya kazi kwa miaka ishirini na sita, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Bi Nukta. Jina hilo alipewa na fundi wa mashine kubwa, siku aliyosimamisha uchapaji wa kitabu cha hesabu kwa sababu ya nukta moja iliyokosekana. Fundi alizima mashine, akafuta mikono kwa tambara, akasema, "Haya, Bi Nukta, tuonyeshe hiyo nukta yako." Akaonyeshwa. Pale palipotakiwa kuwa na mbili nukta tano palikuwa na ishirini na tano, na kitabu kilikuwa cha kufundishia manesi kupima dawa. Fundi akaenda kuagiza bamba jingine la kuchapia. Jina likamganda mama wa watu, naye hakulikataa.

Kazi yake ilikuwa kusoma prufu, zile nakala za majaribio zinazotolewa kabla ya uchapaji. Alikuwa na chumba chembamba kati ya stoo ya karatasi na ofisi ya meneja, chenye dirisha la ukubwa wa trei, meza, taa ya shingo ndefu na rula ya chuma aliyoishusha mstari kwa mstari. Vyote vilipita mikononi mwake: vitabu vya shule, kadi za arusi, lebo za dawa ya kikohozi, ripoti za mikutano ambazo hata waliohudhuria hawakuzisoma. Alikuwa na utaratibu ambao hakuuvunja. Kosa la wazi alilisahihisha kwa wino mwekundu. Jambo alilolitilia shaka hakuligusa. Aliweka alama ya kuuliza pembeni na kumrudishia mwenye kazi aseme mwenyewe. "Mimi sijaandika kitabu hiki," alizoea kusema. "Nitajuaje alikuwa anawaza nini?"

Chai ilimwingia ukubwani. Binti yake, aliyeolewa mji wa mbali, alimletea pakiti ndogo siku moja alipokuja kusalimia. Alikuwa ameinunua kwenye duka la mtandaoni la chai za Kichina, akiwa amevutiwa na picha tu, na yeye mwenyewe hakuipenda. "Mama, ina ladha ya mkaa," alisema. "Lakini wewe unapenda vitu vya ajabu."

Majani yalikuwa marefu, meusi, yamejisokota kama nywele zilizoungua. Bi Nukta alikuwa amekunywa chai ya maziwa na sukari tangu utotoni, na hakutarajia lolote. Alimimina maji yaliyochemka, akasubiri kidogo, akanusa. Ilikuwa harufu ya jiwe la moto lililonyeshewa mvua, na nyuma yake kwa mbali, tunda lililoiva. Aliketi kwenye kigoda cha jikoni na kunywa kikombe, akaongeza maji juu ya majani yaleyale, akanywa tena. Mumewe alipoingia kuuliza habari ya chakula, mkewe alikuwa kwenye kikombe cha saba na sufuria haijabandikwa.

"Leo tumefunga?" mzee aliuliza.

"Kaa hapa uonje."

Alionja, akakunja uso kwa heshima, akasema ni nzuri, akaenda kukata vitunguu mwenyewe. Alikuwa mtu mpole, dereva mstaafu wa gari la mikate, na katika ndoa ya miaka thelathini alishajua jambo lipi la kubishania.

Tangu hapo Bi Nukta akawa mteja wa duka lile. Lilikuwa la mke na mume walioishi kwenye milima ya Uchina ambako chai hiyo huota katikati ya majabali. Mume alichuma na kukausha majani juu ya makaa. Mke ndiye aliyepiga picha, akajibu barua, akafunga vifurushi. Maelezo kwenye tovuti yao aliyaandika mke huyo kwa Kiingereza cha kujifundisha, na Bi Nukta hakuweza kujizuia. Aliorodhesha makosa kumi na tisa, akayapanga vizuri, akayatuma na salamu za adabu. Wiki sita baadaye kilikuja kifurushi ambacho hakukiagiza, na ndani yake kijikaratasi: "Dada, macho yako ni makali kuliko ya mama mkwe wangu. Hii ni zawadi. Tafadhali endelea."

Akaendelea. Kwa miaka sita alisahihisha kila walichokiandika, bila malipo, na wakawa wanaandikiana kama ndugu. Alijua kwamba mume yule aliumwa mgongo, kwamba mtoto wao alichukia shule, kwamba mwaka mmoja mvua iliharibu nusu ya mavuno. Nao walijua habari za binti yake na za mzee na mikate yake. Kila mwaka, mavuno mapya yakishakaushwa, pakiti nne zilianza safari, na Bi Nukta alikuwa na desturi ya kupita kwenye dirisha la vifurushi posta kabla hata hajaarifiwa, mpaka karani akamzoea na kumtikisia kichwa kutoka mbali: bado.

Kulikuwa pia na baraza la wapenda chai mtandaoni, watu wa nchi mbalimbali waliokuwa wakielezana walichonunua na kwa nani. Bi Nukta aliandika humo kwa jina la Nukta. Hakuwa na maneno mengi. Wengine walijaza ukurasa kwa sifa za mawingu na maua. Yeye alisema jani lina hali gani, maji ya tatu yana ladha gani, mahali gani muuzaji ametia chumvi. Kwa hiyo waliamini alichosema. Mtu akitaka kununua aliambiwa, "Subiri Nukta aseme."

Halafu ukaja mwaka wa kalenda.

Kampuni moja iliagiza kalenda elfu nane za ukutani kwa ajili ya wateja wake. Zilichapwa, zikafungwa, zikapelekwa, na ndipo mtu fulani huko akagundua kwamba mwezi wa tisa una siku thelathini na moja. Saini ya Bi Nukta ilikuwa chini ya prufu. Hakukuwa na pa kujificha. Meneja, kijana wa umri wa binti yake, aliitisha kikao kwenye ukumbi wa mashine, akainua kalenda juu na kuuliza, "Nani atanikumbusha, Septemba ina siku ngapi?" Watu wakacheka. Fundi wa mashine kubwa aliangalia sakafu.

Baadaye meneja alimfuata chumbani kwake, akaegemea mlango.

"Mama, usichukulie vibaya. Labda macho yamechoka."

"Macho yangu ni mazima."

"Kuna programu ya kompyuta inasoma kila kitu kwa dakika mbili. Tutakuwekea hapo. Wewe utakuwa unaangalia tu kile itakachokuonyesha."

Bi Nukta angependa zaidi kufokewa. Alikaa akiitazama rula yake ya chuma hadi saa ya kutoka, na kwa siku kadhaa zilizofuata kila alipopita ukumbini alihisi watu wanahesabu siku za mwezi kimoyomoyo.

Ni wiki hiyohiyo karani wa posta alipomtikisia kichwa kwa namna nyingine. Pakiti zilikuwa zimefika. Chai ya mwaka uliopita alikuwa ameimaliza siku nyingi kabla, akajizuia asinywe nyingine yoyote, ili ulimi uwe safi. Jumamosi mchana, mzee akiwa nje anahangaika na mabomba, alichemsha maji, akapasha moto kikombe chake chenye mfuniko, akatia majani na kunusa.

Hapakuwa na kitu. Au kilikuwepo, lakini kama mtu anayeimba akiwa amejifunika blanketi. Alimimina mara ya pili. Rangi ilikuwa sawa, jani lilikuwa sawa, lakini lile jiwe la mvua halikuwepo, na mwisho wa funda kulikuwa na kitu chembamba, kikavu, cha kumkumbusha mtu korido ya hospitali. Alisugua birika kwa limau, akabadili kikombe, akafungua pakiti ya pili. Vilevile. Jumapili akarudia. Vilevile.

Mtu mwingine angeandika barua kwa rafiki yake. Bi Nukta mwenyewe, wiki nyingine yoyote ya maisha yake, angeandika barua. Lakini alikuwa ametoka kuchekwa na watu waliomjua kwa miaka ishirini na sita, na hapa mbele yake palikuwa na kosa ambalo hakuna programu ingeweza kuliona. Lilionwa na ulimi wake yeye. Akafungua baraza la chai na kuandika. Alisema chai ya mwaka huu si ile. Alisema jani ni la bondeni, limechumwa kwenye udongo laini, limekaushwa haraka na kupewa jina la mlimani. Alisema duka alilolisifu kwa miaka sita limeamua kuwafanya wateja wake wajinga, na kwamba inamuuma kusema hivyo. Akaisoma mara tatu. Hapakuwa na kosa hata moja la uandishi. Akatuma.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda kazini, tayari kulikuwa na majibu kumi na manne. Hata mimi nilihisi kuna kitu, aliandika mmoja. Mwingine alisema alikuwa amenyamaza kwa kudhani ni ulimi wake. Wa tatu hakuwa ameonja bado, ila alishukuru kuonywa na alikuwa ameshaghairi oda yake. Bi Nukta alitembea kwenda kazini akiwa amenyoosha mgongo. Hilo alilikumbuka sana baadaye, jinsi alivyotembea vizuri siku ile.

Siku ya tatu ikaja barua kutoka milimani.

"Dada," ilisema, "mume wangu amesoma na hawezi kula. Chai ni ileile, miti ileile. Nilikuwepo inapochumwa. Nieleze unaonja nini, hatua kwa hatua. Labda kuna kitu kimeingia njiani. Watu wengi wanaandika."

Alikuwa na mahali pa kugeukia, na hakugeuka. Alijibu kwa mistari miwili: kwamba anasikitika, na kwamba ulimi wake haujamdanganya kwa miaka sita, kwa hiyo haoni kwa nini ungeanza sasa. Barua nyingine haikuja. Baada ya wiki tano tovuti ikaacha kupokea oda. Kwenye baraza wengine walisema hiyo ndiyo dalili ya hatia yenyewe. Bi Nukta hakuongeza neno. Alihisi uzito fulani kifuani, akauita huzuni ya kudanganywa na rafiki.

Nyumbani mambo yalikwenda kama kawaida. Maji ya bomba yalikuwa yanakatika siku tatu kwa wiki mwaka ule, na mzee, akishirikiana na fundi bomba wa mtaa wa pili, alikuwa ameweka tangi juu ya paa. Alilipenda tangi lile kuliko alivyowahi kupenda gari la mikate. Kila asubuhi alitoka nje, akaliangalia kwa mikono kiunoni, akarudi ndani na kutoa taarifa: "Limejaa." Bi Nukta alimpongeza. Chakula kilipikwa, nguo zilifuliwa, maji ya kunywa yalichemshwa na kumiminwa kwenye mtungi wa udongo, ambao uliyapa ladha yake wenyewe ya siku zote.

Miezi minne baada ya hapo, mdogo wake Bi Nukta alifanyiwa upasuaji wa goti. Alikuwa mjane, anaishi ghorofa ya pili upande mwingine wa mji, mcheshi, mwenye sauti iliyowahi kumpatia kazi ya kutangaza safari kwenye kituo cha mabasi. Bi Nukta aliomba likizo ya wiki moja akamuuguze. Katika mfuko wake alitia pakiti ya ile chai mbaya. Hakuwa mtu wa kutupa vitu, na kwa mgonjwa aliyezoea kutia maziwa na sukari ingefaa.

Asubuhi ya kwanza alichemsha maji ya bomba la mdogo wake na kumimina juu ya majani, akiwa na haraka, akiongea juu ya bandeji. Mvuke ukapanda. Akanyamaza katikati ya sentensi.

"Dada?" mdogo wake aliita kutoka kitandani. "Umeungua?"

Alikuwa ameinama juu ya kikombe. Jiwe la moto, mvua, tunda. Yote yalikuwa hapo, wazi kabisa. Alionja. Alimwaga, akaosha chombo, akachemsha upya, akaonja tena. Kisha akaketi kwenye kochi, kikombe mkononi, na mdogo wake akamwona amebadilika rangi.

"Hiyo si ile uliyoapa kuwa ni majani ya fensi?"

"Ndiyo hiyo."

"Na sasa je?"

"Ni nzuri." Alisema kwa sauti ndogo. "Ni nzuri kama zamani. Pengine inazidi."

"Basi imepona," mdogo wake alisema, akacheka, halafu akaona dada yake hacheki. "Eti dada, kuna nini? Ni chai tu."

Akamsimulia. Baraza, barua, wiki tano, tovuti iliyofungwa. Mdogo wake alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lilikuwa nadra.

"Lakini ulimwuliza yule mwanamke kwanza?"

"Hapana."

"Wewe? Unayeniandikia alama ya kuuliza hata kwenye orodha yangu ya sokoni?"

Bi Nukta alifunika macho kwa kiganja. Mdogo wake alijivuta kitandani, na goti lake likiuma akamwambia aje akae karibu, akamshika mkono. Hakusema tena neno la mzaha siku ile.

Mwisho wa wiki Bi Nukta alirudi nyumbani na dumu la lita tano la maji ya mdogo wake, akiwa amelipakata garini kama mtoto. Mzee alimpokea mlangoni.

"Umetuletea nini? Mafuta?"

"Maji."

"Maji tunayo. Tangi limejaa."

Aliweka masufuria mawili jikoni, la kwanza kwa maji ya dumu, la pili kwa maji ya nyumbani, akatengeneza vikombe viwili kwa majani ya pakiti moja, akampa mumewe aonje. Mzee, aliyewahi kukunja uso kwa heshima miaka sita iliyopita, alinusa hiki, akanusa kile, akakirudisha cha pili mezani.

"Hiki kina dawa," alisema. Na alipokwisha kusema alionekana kama mtu aliyejikwaa.

"Dawa gani?"

"Vidonge vya kusafisha maji. Aliyeniuzia tangi alinishauri. Natia kila Ijumaa."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipoliweka."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia ungeanza maneno. Ungesema unasikia harufu kabla sijafungua kopo." Alijaribu kutabasamu, lakini uso wa mkewe ulimkataza. "Kumetokea nini, mama watoto?"

Kwa mara ya pili akasimulia. Ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu mzee alimjua yule mwanamke wa milimani; alikuwa akisomewa barua zake mezani na kumtumia salamu. Aliposikia habari ya mume asiyeweza kula, aliinuka akasimama dirishani.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema. "Ni hilo tangi langu."

"Tangi halina kidole cha kuandikia."

"Lakini kama ningesema..."

"Kama ungesema, kama ningeuliza. Wewe ulitia kidonge kwenye maji yako. Mimi nilimwita mtu mwizi mbele ya dunia."

Vikombe viwili vikapoa mezani. Hakuna aliyemlaumu mwenzake tena, ila kwa wiki kadhaa mzee aliacha kwenda kuliangalia tangi asubuhi, na Bi Nukta aliliona hilo.

Jumatatu alikaa kwenye kompyuta ya kazini wakati wa mapumziko ya mchana na kuandika kwenye baraza. Hakupamba. Alisema alikosea, alisema ni maji, alieleza vidonge, dumu, vikombe viwili. Aliomba kila aliyeghairi oda kwa sababu yake awaandikie wale watu. Aliomba maoni yake ya kwanza yaondolewe. Msimamizi wa baraza alimjibu kwamba mjadala ule umefungwa na hawafuti kumbukumbu, ila anaruhusiwa kuacha andiko hili jipya chini yake. Akaliacha. Yale ya mwanzo yalikuwa yamesomwa na maelfu; haya waliyasoma watu thelathini na kitu. Mmoja aliuliza amelipwa kiasi gani. Mwingine alisema yeye maji yake hayana kidonge chochote na bado alihisi kasoro. Bi Nukta alimwandikia huyo faragha, akamwomba aonje tena. Yule mtu alijibu kwamba alikuwa ameshaitupa.

Barua ya kwenda milimani ilimchukua siku tisa. Aliandika, akafuta, akaandika. Kila aliposoma upya aliona mahali alipokuwa anajitetea: kalenda, meneja, kicheko cha watu. Akayaondoa yote. Iliyobaki ilikuwa fupi. Alieleza kilichotokea, akasema aliandikiwa na kuulizwa, naye akajibu kwa kiburi, na kwamba hana la kuomba. Alitaka tu wajue kwamba chai yao ilikuwa chai yao.

Akangoja. Kazini programu ilikuwa imeshawekwa. Ilikuwa ikipiga mistari chini ya majina ya watu na kuruka makosa ya kweli, na Bi Nukta, ambaye miezi michache nyuma angekwenda nayo mbiombio kwa meneja, aliyasahihisha kimyakimya na kupeleka kazi. Fundi wa mashine kubwa alikuja siku moja na prufu ya kadi ya maziko, akamkuta anasoma ukurasa uleule kwa muda mrefu.

"Bi Nukta, uko salama?"

"Niko."

"Ile kalenda watu wameshaisahau. Nakwambia kweli."

"Najua," alisema. "Siwazi kalenda."

Fundi alisubiri kama angeambiwa anawaza nini. Akaiacha kadi mezani na kumwambia hakuna haraka.

Jibu lilikuja wiki ya saba, asubuhi, kabla mashine hazijawashwa. Lilianza bila "dada".

"Nimesoma barua yako," lilisema. "Nimemsomea mume wangu. Alisema, basi ni maji, akatoka nje. Usifikiri ni wewe peke yako. Mwaka ulikuwa mbaya na tulikuwa na mashaka mengine. Lakini wateja waliokuwa wakituamini walituacha kwa neno lako, kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa tunawaambia, msikilizeni Nukta. Sasa mume wangu anauza majani mabichi kwa kiwanda kikubwa cha bondeni. Mimi nafanya kazi ya kufunga vifurushi mjini, vitu vya watu wengine. Makaa hatujawasha tangu hapo. Ningependa ungeniuliza. Ningekuambia ujaribu maji mengine, huwa ndilo jambo la kwanza tunalomwambia mteja. Labda msimu ujao tutakausha kidogo kwa watu tunaowajua. Sijui kama nikuhesabu miongoni mwao. Nitafikiri."

Aliisoma pale pale akiwa amesimama, mkoba begani. Meneja alipita, akamsalimu, akaweka bahasha ya kazi ya siku mezani na kusema ni ya haraka. Bi Nukta alimwomba nusu saa. Hakuwahi kuomba nusu saa katika miaka yote, na kijana yule, labda kwa sababu ya sauti aliyoisikia, aliichukua bahasha tena na kusema ataileta baadaye.

Jioni alimsomea mumewe. Mzee aliuliza neno moja tu, kama amemjibu.

"Nimemjibu nimeipata, na kwamba nashukuru amenijibu. Niongeze nini?"

"Hapo panatosha."

Msimu wa kuchuma ukafika. Bi Nukta alijua tarehe zake kama anavyojua siku za kuzaliwa za watu wa kwao. Alifungua tovuti kila Jumamosi, akakuta tangazo lilelile la kusimamisha oda, na picha ya mteremko wenye mawe na miti mifupi. Hakuandika kuuliza; aliona hana haki ya kumharakisha mtu afikiri. Msimu ukapita. Mwezi wa nane anwani ya duka ilimpeleka kwenye ukurasa mwingine kabisa, wa watu wanaouza vifuniko vya simu. Alifunga na kufungua mara mbili akidhani amekosea herufi. Hakuwa amekosea.

Mzee alikuwa sebuleni anakarabati mguu wa kiti. Alimwona mkewe anapita na kikapu.

"Vipi?"

"Wamelifunga duka."

Aliweka nyundo chini. "Pole, mama watoto."

"Wao ndio wa kupewa pole," alisema, akatoka uani kuanua nguo, kwa sababu upande wa magharibi mawingu yalikuwa yameshaanza kufunga.